Jinsi ya Kukagua Kama Mkataba wa CBA Umefika Kwenye Mshahara Wako: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Shule ya Umma Kenya

Kila nyongeza ya mishahara ya walimu inapotangazwa, swali lilelile hurudi: mbona pesa zilizoingia benki si zile zilizotangazwa? Wanaouliza karibu wote wamekagua mstari usiofaa. Wametazama kiasi kilichobaki baada ya makato, wakakilinganisha na asilimia waliyoisikia redioni, kisha wakaamua wamepunjwa. Wengine wamefurahia elfu mbili zilizoongezeka, ilhali walistahili tano, na hakuna aliyewaambia.

Mwongozo huu unashughulikia kazi moja: kuufuata mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi (CBA) kati ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) na vyama vya walimu, kutoka meza ya majadiliano hadi mstari wa mshahara wako wa msingi, na kujua la kufanya ukikuta pengo. Fuata hatua kwa mpangilio. Wanaoruka hatua ya pili na ya tatu ndio wanaokwama kwenye ya saba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya mkataba wenyewe pamoja na viambatisho vyake. Majedwali ya mishahara huwa kwenye viambatisho, na habari ya gazeti haiwezi kuchukua nafasi yake. Ukikosa nakala, iombe kwenye tawi la chama chako.
- Waraka wa TSC unaoeleza utekelezaji wa awamu unayoikagua.
- Hati zako za mshahara: ya mwezi wa mwisho kabla ya awamu kuanza, ya mwezi wa kwanza baada ya kuanza, na ya mwezi wowote uliolipwa malimbikizo.
- Barua ya kuajiriwa, barua ya mwisho ya kupandishwa cheo, na barua ya uhamisho kama umewahi kuhamishwa.
- Kikokotoo na daftari. Usifanye hesabu hizi kichwani.

Barua hizi ndizo wengi hawana. Kama yako imepotea, omba nakala sasa, kabla hujaanza mzozo wowote.

## Hatua ya 1: Hakikisha mkataba unakuhusu

Mkataba wa TSC unawahusu walimu walioajiriwa na TSC ambao vyama vyao vinatambuliwa kuwasemea: KNUT, KUPPET, na KUSNET ambacho ni cha walimu wa elimu maalum. Wafanyakazi wengi wa shule za umma hawamo.

Mwalimu mwanagenzi analipwa kwa mkataba wake wa muda, wala jedwali la CBA halimgusi. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule analipwa na bodi. Makarani, wapishi, walinzi na wahudumu wa maabara nao waajiri wao ni bodi, na chama kinachowapigania ni KUDHEIHA. Ukiwa mmoja wa hawa, hesabu za hapa chini zitakupa majibu ya uongo, kwa hiyo tafuta kwanza makubaliano kati ya mwajiri wako na chama chako.

Na mwalimu wa TSC asiye mwanachama wa chama chochote? Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inasema mkataba wa pamoja uliosajiliwa unawafunga wafanyakazi wote wa mwajiri huyo wanaoweza kujiunga na chama, hata wasiojiunga. Masharti yake yanakuwa sehemu ya mkataba wa kazi wa kila mmoja wao. Sheria hiyo pia inaruhusu asiye mwanachama akatwe ada ya uwakilishi, kwa sababu anafaidi matunda ya majadiliano.

Lakini usichukulie kwamba uanachama hauna athari. Mwaka wa 2019, baada ya mahakama kutoa uamuzi katika kesi ya KNUT kuhusu miongozo ya kupandisha vyeo, TSC iliwarudisha wanachama wa chama hicho kwenye mfumo wa zamani, nao wakakosa awamu ya nyongeza iliyoanza Julai mwaka huo. Walimu waliofundisha darasa moja, wenye kiwango kimoja, walilipwa tofauti kwa sababu ya kadi ya chama. Kama unadai pesa za kipindi hicho, andika kwanza ulikuwa mwanachama wa chama gani na mwezi gani ulihama.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja: mwajiri wangu ni fulani, chama kinachonisemea ni fulani, na mkataba unaonihusu ni wa mwaka fulani hadi fulani.

## Hatua ya 2: Tenganisha tarehe nne

Mkataba mmoja una tarehe nne, na kuzichanganya ndiko kunakozaa kelele nyingi.

Tarehe ya kusainiwa. Siku ya picha na hotuba. Siku hiyo haibadilishi chochote kwenye hati yako.

Tarehe ya kusajiliwa. Sheria inataka mkataba upelekwe kwenye Mahakama ya Ajira na Leba ndani ya siku 14 baada ya kukamilika. Ukishasajiliwa ndipo unapoweza kutekelezwa kwa nguvu ya sheria.

Tarehe ya kuanza kutumika. Hii imeandikwa ndani ya mkataba, na mara nyingi ni Julai 1 kwa sababu ndipo mwaka wa fedha wa serikali unapoanza. Inaweza kutangulia siku ya kusainiwa. Hapo ndipo malimbikizo huzaliwa.

Tarehe ya kila awamu. Nyongeza hugawanywa vipande. Mkataba wa kwanza wa aina hii, wa 2017 hadi 2021, ulisainiwa Oktoba 2016 kwa gharama ya Sh54 bilioni, na pesa zake zikalipwa kwa awamu. Mwalimu aliyesoma tarakimu ya mwisho ya jedwali na kuitarajia Julai 2017 alijiumiza bure.

Kumbuka pia kwamba mkataba unaweza kusainiwa bila pesa ndani yake. Ule wa 2021 hadi 2025 ulisainiwa Julai 2021 bila nyongeza ya mshahara. Ulileta likizo ya uzazi ya siku 120 kwa mama na siku 21 kwa baba. Pesa zilikuja Agosti 2023 kwa makubaliano ya nyongeza: asilimia 7 hadi 10 ya mshahara wa msingi, kwa awamu mbili, Julai 1, 2023 na Julai 1, 2024. Mkataba wa sasa, ulioanza Julai 2025, unafika 2029.

Chora mstari kwenye daftari uandike tarehe hizo. Awamu unayoikagua iwe na tarehe moja tu ya kuanza, na hiyo ndiyo utakayoitumia hadi mwisho.

## Hatua ya 3: Tafuta gredi yako na ngazi yako ndani ya gredi

Gredi za walimu zinaanzia B5 na kupanda hadi D5, gredi ya walimu wakuu wa ngazi ya juu kabisa. Hilo wengi wanalijua. Wasichokijua ni ngazi.

Kila gredi ina mshahara wa chini na wa juu, na katikati kuna ngazi ambazo mwalimu hupanda moja kila mwaka hadi afike kileleni. Walimu wawili wa gredi ya C3 wanaweza kutofautiana kwa maelfu ya shilingi na wote wakawa wamelipwa sawasawa.

Fanya hivi. Chukua hati ya mwezi wa mwisho kabla ya awamu. Soma mshahara wa msingi, peke yake, bila marupurupu. Tafuta tarakimu hiyo kwenye jedwali la zamani chini ya gredi yako, kisha hesabu ni ngazi ya ngapi kutoka chini. Hiyo ndiyo ngazi yako.

Tarakimu ikikosekana kabisa kwenye jedwali, simama hapo. Maana yake ni moja kati ya mbili: unatumia jedwali la awamu nyingine, au kumbukumbu zako kwenye orodha ya malipo zina kosa la tangu zamani. La pili likiwa kweli, kila nyongeza iliyofuata imejengwa juu ya kosa hilo. Rudi nyuma hati kwa hati hadi uupate mwezi ambao mshahara wako uliacha kufuata jedwali. Mara nyingi ni mwezi wa kupandishwa cheo au wa kurudi kutoka likizo isiyo na malipo.

## Hatua ya 4: Kokotoa mshahara wa msingi unaostahili

Hapa ndipo pa kutulia, maana mshahara wa msingi huongezeka kwa njia tatu tofauti na hati haikuambii ni ipi.

Njia ya kwanza ni CBA: jedwali lote linainuka, na ngazi yako inapata tarakimu mpya. Njia ya pili ni nyongeza ya kila mwaka: jedwali halijabadilika, wewe ndiye umepanda ngazi moja. Njia ya tatu ni kupandishwa cheo: umehamia gredi nyingine.

Nyongeza ya mwaka ikiangukia karibu na Julai, pesa za aina mbili huingia pamoja na mwalimu huamini ameshalipwa CBA. Huenda alichopata ni ngazi yake ya kawaida tu. Kwa hiyo hesabu kwa mpangilio: anza na ngazi uliyoipata kwenye hatua ya 3, soma tarakimu ya ngazi hiyohiyo kwenye jedwali jipya, kisha ndipo uongeze ngazi ya mwaka kama mwezi wake umefika.

Asilimia nazo zinahadaa. Mikataba hii huwapa wa gredi za chini asilimia kubwa zaidi ili kupunguza pengo, lakini asilimia 10 ya Sh30,000 ni Sh3,000, na asilimia 7 ya Sh60,000 ni Sh4,200. Aliyepewa asilimia ndogo amepata shilingi nyingi. Ukitaka kujua kama mkataba umepunguza pengo au umelipanua, linganisha shilingi.

Kuna kundi linaloumia kimyakimya, nami nataka lisomwe vizuri hapa: walimu waliofika ngazi ya mwisho ya gredi yao. Hawana tena nyongeza ya mwaka. Bila kupandishwa cheo, CBA ndiyo njia pekee ya mshahara wao wa msingi kusonga. Kwa mwalimu kama huyo, awamu iliyocheleweshwa ni mwaka mzima wa mshahara uliosimama huku bei za vitu zikipanda. Ukiwa kwenye kundi hili, lolote likikosekana Julai ni la CBA, na lalamiko lako ni rahisi kuthibitisha kuliko la mtu mwingine yeyote.

Hesabu imekaa sawa kama tarakimu uliyoipata inalingana na mshahara wa msingi kwenye hati mpya hadi shilingi ya mwisho. "Karibu sawa" si sawa.

## Hatua ya 5: Pitia marupurupu moja moja

Marupurupu ya nyumba hufuata gredi na mahali shule ilipo. Nairobi iko juu, miji mikubwa inafuata, na maeneo mengine yako chini. Kuna posho ya usafiri, na kuna ya mazingira magumu kwa shule za maeneo yaliyotambuliwa hivyo. Posho ya likizo hulipwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usiitafute kila mwezi.

Kosa la kawaida hapa ni uhamisho. Mwalimu akitoka eneo lenye posho ya mazingira magumu, posho hiyo hukatika, na CBA ikija mwezi huohuo anaona jumla yake imeshuka. Mkataba umefanya kazi. Kilichobadilika ni kituo. Barua ya uhamisho itakuonyesha.

## Hatua ya 6: Elewa makato kabla ya kulalamika

Hatua hii ndiyo itakayojibu lile swali la mwanzo. Tuchukue mshahara wa msingi umeongezeka kwa Sh3,000, kwa mwalimu aliye kwenye mpango wa uzeeni wa kuchangia ulioanza Januari 2021, ambaye mapato yake yako kwenye kiwango cha ushuru cha asilimia 30. Kwa viwango vya 2025:

- Mchango wa uzeeni, asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi: Sh225
- Bima ya afya ya jamii, SHIF, asilimia 2.75 ya jumla ya mapato: Sh82.50
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya jumla ya mapato: Sh45
- Zinazobaki kutozwa ushuru: Sh2,647.50
- Ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara (PAYE), asilimia 30 ya hizo: Sh794.25
- Zinazokufikia: Sh1,853.25

Zaidi ya thuluthi moja imeondoka, na hakuna aliyeiba. Ada ya chama, ikiwa inakatwa kwa asilimia, nayo itapanda kidogo. Sh225 za uzeeni hazijapotea. Ni akiba yako, na serikali inaongezea asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi juu yake.

Ndiyo maana nasema usikague kiasi cha benki. Kinabadilika kwa sababu za mkopo, sacco, bima na ushuru. Mshahara wa msingi ndio mstari mkuu ambao CBA inauandika.

Tahadhari: baada ya nyongeza, mawakala wa mikopo hujaa shuleni. Sheria ya Ajira inazuia makato yote pamoja kuvuka thuluthi mbili za mshahara. Angalia mstari huo kabla hujasaini chochote.

## Hatua ya 7: Kokotoa malimbikizo

Hesabu ni hii: tofauti ya mshahara wa msingi kwa mwezi, mara idadi ya miezi kati ya tarehe ya awamu na mwezi ulioanza kulipwa kiwango kipya. Kama ngazi yako ya mwaka iliangukia katikati, gawa miezi makundi mawili, kila kundi na tofauti yake. Fanya vivyo hivyo kwa posho ya nyumba kama nayo ilipanda.

Malimbikizo hutozwa ushuru na makato mengine kama mshahara wowote. Linganisha jumla kabla ya makato.

Ucheleweshaji wa namna hii si nadra. Awamu ya Julai 2024 iliingia kwenye sintofahamu baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa na bajeti kupunguzwa. Vyama vikatoa ilani ya mgomo, na KUPPET ikagoma mwishoni mwa Agosti. Mkataba ulikuwepo na saini zilikuwepo. Pesa ndizo zilizohitaji kusukumwa.

## Hatua ya 8: Dai pengo kwa maandishi

Ukipata pengo, andika barua ya ukurasa mmoja. Iwe na namba yako ya TSC, gredi, ngazi, tarehe ya awamu, tarakimu ya jedwali, tarakimu ya hati, na tofauti kwa shilingi. Ambatisha nakala za hati mbili na ukurasa wa jedwali. Barua inayosema "mshahara wangu si sawa" huzunguka ofisini bila kupata mtu wa kuishughulikia. Inayosema "ngazi ya nne ya C2 ni tarakimu hii, nimelipwa hii" inaweza kujibiwa na karani mmoja.

Ipeleke kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo au kaunti, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala nyingine uifikishe kwenye tawi la chama. Walimu kumi wenye pengo moja waandike pamoja, kwa sababu kosa la mfumo hushughulikiwa haraka kuliko la mtu mmoja.

Usingoje. Sheria ya Ajira inaweka ukomo wa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na mkataba wa kazi, na dai la madhara yanayoendelea lina ukomo mfupi zaidi, unaohesabiwa tangu madhara hayo yakome. Kadri miezi inavyopita, ndivyo hati zinavyopotea.

Na ukikuta umelipwa zaidi, ripoti vilevile. Kilicholipwa kwa kosa hurudishwa kwa kukatwa mshahara, mara nyingi kwa mkupuo usioutarajia.

## Hatua ya 9: Ingiza dai lako kwenye mkataba ujao

Kama hesabu imekaa sawa na bado mshahara ni mdogo, tatizo liko kwenye mkataba wenyewe, na dawa yake ni majadiliano yajayo.

Mkondo uko hivi. Vyama hupeleka mapendekezo kwa TSC. TSC hutafuta ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), nayo hupima uwezo wa serikali kulipa. Ushauri huo ukishatoka, kiasi cha pesa kinajulikana, na kinachobaki mezani ni namna ya kukigawa. Mwaka wa 2015 walimu walipewa na mahakama nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, lakini Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, ikisisitiza nafasi ya SRC. Tangu hapo, dai lisilopita SRC halifiki mbali.

Kwa hiyo andika dai kwa lugha ambayo SRC inalazimika kuisikiliza. Kifungu cha 230 cha Katiba kinaitaka izingatie mambo manne: uwezo wa kugharamia mishahara ya umma, kuvutia na kudumisha wenye ujuzi, kutambua tija na utendakazi, na uwazi pamoja na usawa. Dai la "tuongezwe" halijibu hata moja. Dai kwamba walimu kadhaa wa shule zenu wamefika ngazi ya mwisho, hawajapandishwa cheo kwa miaka mingi, na wanalipwa sawa na wenye uzoefu mdogo kuliko wao, linagusa la pili na la nne kwa pamoja.

Zingatia muda. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15 na makadirio kufikia Aprili 30. Dai la Mei limechelewa mwaka mzima wa fedha. Lipeleke kwenye mkutano wa tawi mwaka mmoja au zaidi kabla ya mkataba wa sasa kuisha, likiwa na hesabu za hatua ya 3 na ya 4 kutoka kwa walimu wa shule zenu.

Mkutanoni omba mambo mawili yaandikwe kwenye kumbukumbu: kwamba dai limepokelewa, na kwamba wanachama watasomewa mapendekezo ya chama kabla hayajapelekwa TSC. Sheria inamtaka mwajiri akipe chama taarifa zote zinazohitajika kwa majadiliano. Mwakilishi wako anaweza kuomba idadi ya walimu waliokwama katika kila gredi, na hiyo ndiyo tarakimu ya kumwomba aende nayo mezani.